Ufunguo Usibebe Maana

Mzee Sylvanus Odero hakuwahi kuipenda kompyuta mpaka siku ilipomkatalia. Kabla ya hapo aliitazama kwa jicho la pembeni, kama mgeni aliyepanda kitandani na viatu. Siku hiyo, kwenye ukumbi wa chama pale Kawempe, Kampala, aliandika kwa kidole kimoja kwamba kijana fulani anaoa, akabonyeza, na maandishi mekundu yakajitokeza: HAIWEZEKANI. KAKA MKUBWA BADO. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kusoma kwa sauti ili wenzake wasikie. Halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Yawa! Hii kitu imelelewa," akasema.

Aliyeilea alikuwa Loice, binti wa marehemu Omolo, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Muhula ule walikuwa wanasoma hifadhidata, yaani namna ya kupanga habari za watu na vitu katika majedwali ili kompyuta izitafute bila kubabaika. Mwalimu wao, Dokta Okidi, aliwaambia kila mmoja atafute kikundi cha watu halisi, aulize kinavyoendeshwa, kisha akitengenezee majedwali. "Na mtu asiniletee maktaba," akaonya. "Nimesahihisha maktaba za kubuni za kutosha kuijaza nchi nzima, na bado hakuna anayesoma."

Loice akachukua chama cha Wajaluo wa Kenya wanaoishi Kawempe, ambacho baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi. Kilikuwa na kazi mbili tu: kuzika na kusimamia ndoa. Chama kilikuwa na mahema, viti na masufuria makubwa, lakini hivyo hata mtu baki angeweza kukodi. Kitu ambacho hukodishiwi popote ni wazee. Binti asiye na baba Kampala, siku wakwe wanapokuja, chama ndicho kinachokaa kwenye viti vya mbele na kusema, "Huyu ni wetu." Bila wazee hakuna shughuli. Wakwe hawawezi kuja kuongea na masufuria.

Kwa hiyo Loice akaenda kuwauliza wazee sheria zao. Jamani, usimuulize mzee sheria huku umeshika kalamu! Walizitoa mchana kutwa, nyingine wakizikumbuka hapo hapo na kushangaa wenyewe walivyokuwa wanaishi bila kuzifuata. Katika zote, Loice alipata tatu ambazo kompyuta ingeweza kuzibeba.

Ya kwanza, mdogo haoi wala haolewi kabla ya mkubwa wake. Ya pili, hakuna kuulizana umri. Loice alitaka tarehe za kuzaliwa; Mzee Odero akamwambia, "Nenda kamuulize mjane yeyote wa hapa amezaliwa mwaka gani. Mimi nitakuwa nje." Basi ikawa kila mtu anapewa nambari, wakubwa wa kila nyumba wakitangulia, na ukitaka kujua nani mkubwa unatazama nambari ndogo. Anayeongezwa baadaye, kompyuta inampa nambari inayofuata yenyewe. Ya tatu, mzazi haitwi jina lake mbele za watu. Anaitwa Mama Fulani, Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Loice akaifundisha kompyuta itafute yenyewe mtoto mwenye nambari ndogo kuliko ndugu zake, iunge jina.

Hii ya tatu Dokta Okidi aliisifu. Usihifadhi, aliandika pembeni, kitu ambacho kompyuta inaweza kukipata yenyewe. Ile ya pili aliipiga mstari mwekundu: *Ufunguo usibebe maana. Nambari ya mtu ni ya kumtambua tu. Siku ukiipa kazi nyingine, itakugeuka.*

"Lakini Dokta, wazee ndio waliotaka hivyo," Loice akajitetea.

"Wazee hawasahihishi mtihani."

Alama alizompa zilikuwa nzuri hata hivyo, na mfumo ukabaki kwenye chama, ambako ulipendwa kuliko wimbo wa kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada Mzee Odero aliwaita wenzake, akaandika ndoa ya mdogo aliyemtangulia mkubwa wake, akangoja, akakataliwa, akafurahi. Mara nyingine alichelewa hadi jioni. Lakini Jumapili hakukosa. Kompyuta yenyewe ililala kwa kina Loice, kwa sababu kitasa cha ukumbi kilikuwa cha kumtisha mbuzi tu.

Ndipo likaja suala la Vera.

Vera ni mdogo wake Loice, msusi wa nywele, msichana anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mchumba wake ni Obita, Mwacholi wa asili ya kaskazini aliyezaliwa kambini Makindye, mtoto wa mwanajeshi na sasa mwenyewe kavaa sare. Obita alikuja kwenye kibanda cha Mama Loice, mama yao, anapouza omena, wale dagaa wa ziwani, akasimama wima kama yuko gwaride.

"Mama, mimi nakwenda kazi mbali," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mwaka mzima hapana rudi. Afande amenipa Jumamosi moja tu. Mimi nataka leta watu yangu kabla ya kwenda. Nataka Vera iwe mke kabisa, watu yote wajue."

Mama akamkalisha, akampa maji, akasema atazungumza na chama. Lakini Vera hakuweza kukaa. Safari iliyopita Obita alipopelekwa mbali, simu ilikatika, na kwa majuma mengi Vera hakujua kama yu hai. Alipokwenda kambini kuuliza, askari wa getini akamwuliza, wewe ni nani wake? Vera akasema rafiki. Askari, mtu mpole tu, maskini, akamwambia habari za askari hutolewa kwa familia peke yake. Vera alirudi Kawempe kwa miguu akilia barabarani bila haya. Hakutaka tena kuulizwa swali lile na kukosa jibu. Alichotaka kilikuwa kwanjula, siku ile ya wakwe kuja nyumbani rasmi, kabla Obita hajaondoka. Jumamosi ile moja.

Loice akafungua kompyuta mezani nyumbani, Vera akiwa amemwegemea begani, akaandika jina la mdogo wake na la Obita. Akabonyeza.

HAIWEZEKANI. DADA MKUBWA BADO.

Vera akayafuata maneno kwa kidole.

"Dada mkubwa ni wewe," Vera akasema.

"Najua ni mimi."

"Sasa bado nini?"

Loice hakuwa na mchumba wala hakuwa anamtafuta. Alikuwa na mtihani. Kwenye jedwali, mahali pa ndoa yake palikuwa patupu, na alipenda pawe hivyo. Hakuwahi kufikiria kwamba utupu wake ungesimama mlangoni kumzuia mtu kupita.

Vera hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda kulala na mgongo wake ukiangalia chumba, na Loice akaona aibu mpaka masikioni.

Kesho yake akamwendea Mzee Odero kumwomba ruhusa ya pekee. Mzee alimsikiliza vizuri, kichwa kimeinama.

"Mwanangu," akasema, "zamani binti mdogo akitangulia, nilikuwa nafumba macho. Nimefumba mara nyingi, hata mke wangu alipomtangulia dada yake nilifumba. Sasa umetuletea mashine, na mashine haina macho. Nitafumba nini?"

"Si unaweza kuamua tu, Mzee?"

"Nikiamua Jumamosi, Jumapili nitaijaribu vipi mbele ya watu?" Na alikuwa anauliza kweli, maskini, si kejeli.

Loice akafikiri njia nyingine. Angeweza kuiondoa ile sheria, lakini Jumapili Mzee angeijaribu, mashine ingekubali, na chama kizima kingejua imechezewa. Angeweza kujiandikia mume wa uongo, lakini kabla ya chakula cha mchana Mama angekuwa amepewa pongezi na nusu ya Kawempe na kuulizwa mkwe anatoka wapi. Njia ya tatu aliiona akiwa amekaa kibandani, chini ya kibao cha mbao kilichoandikwa KWA MAMA LOICE, OMENA SAFI, kompyuta magotini, Mama akiwa amekwenda kuchukua mzigo.

Mashine ilikuwa inamtafuta dada mkubwa. Asipokuwepo, itamkosa.

Akalitafuta jina lake. Akalichagua. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, naye akaijibu kwamba anayo. Ikamwambia: MTU MMOJA AMEFUTWA. Alingoja asikie kitu moyoni, hakusikia, isipokuwa njaa. Akanunua roleksi, yaani mayai yaliyoviringwa ndani ya chapati, kwa kijana wa hapo jirani, akala nusu, akaandika tena jina la Vera na la Obita kwa vidole vyenye mafuta.

IMEKUBALIWA.

Jumatatu baada ya shughuli, aliwaza, nitajirudisha. Nani atajua?

Vera alipoambiwa imekubali alimrukia shingoni wakakaribia kuangusha beseni la omena. Hakuuliza imekubali vipi, na Mzee Odero, alipoonyeshwa neno IMEKUBALIWA, naye hakuuliza. Mtu aliyepewa anachotaka haulizi, na Loice alishukuru kwa hilo.

Jumamosi ikafika na mahema yake. Obita alikuja na ndugu zake, wanaume wa kambini wenye viatu vinavyong'aa na wanawake waliotoka kaskazini usiku uliopita, wakiongozwa na baba yake mdogo, Olal, sajini mstaafu mwenye sauti ya kuamsha kikosi. Mama alikaa mbele katika gomesi ya zambarau, lile gauni refu la heshima, mabega yake yamesimama kama masikio. Vera alikuwa ndani ya nyumba nyuma ya pazia, akingoja kuitwa. Loice alishika birika na beseni la kunawishia wageni. Na Mzee Odero alikaa kwenye kiti cha baba, na mbele yake, juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, ilikaa kompyuta.

Salamu zikaenda, sala ikaenda. Mzee akavaa miwani, akainama kwenye kioo.

"Kabla binti hajatoka, mzazi wake asimame tumwone. Namwomba Mama Vera."

Hakuna aliyesimama.

"Mama Vera," Mzee akarudia.

Mama, pale mbele, aligeuza shingo kama watu wengine wote, kutazama huyo Mama Vera ni nani na mbona hasimami.

Birika likawa zito mikononi mwa Loice. Alipokuwa akiitafuta njia hakulikumbuka hili, na ni yeye mwenyewe aliyeifundisha mashine: tafuta mtoto mwenye nambari ndogo, unga jina. Alisifiwa kwa hilo.

"Mama, ni wewe unaitwa," mwanamke mmoja akanong'ona.

"Mimi?" Mama akasema, na hakunong'ona. "Mwenyekiti, huyo unayemwita simjui. Mimi ni Mama Loice."

Mzee akarudi kwenye kioo, akapandisha, akashusha. "Hapa hakuna Loice."

"Hakuna vipi? Si yule pale ameshika birika!"

Mzee akamtazama Loice, binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kitufe cha kubonyeza, aliyemtengenezea chai Jumapili iliyopita. Akaitazama mashine. Akamtazama Loice tena.

"Namwona," akasema. "Lakini hayumo."

Minong'ono ikaanza upande wa wageni, kwa Kiacholi, na haikuhitaji mkalimani. Olal akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Wazee, samahani. Sisi tumekuja omba mtoto wa Mama Vera. Sasa huyu mama anasema yeye hapana Mama Vera. Tunaongea na nani? Hii nyumba ni ya nani?" Kisha, akijaribu sauti ya chini ambayo hakuwa nayo: "Kama nyumba haijakuwa tayari, sisi tunaweza rudi."

Obita, pembeni yake, alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Pazia la nyumba lilitikisika. Loice aliona vidole vya Vera vimelikamata kwa ndani.

Akaweka birika chini. "Mzee, naomba nirekebishe kidogo," akasema, na miguu yake ikampeleka mezani yenyewe.

Akaandika jina lake. Mama yake nani, baba yake nani. Ndoa: patupu. Kabla ya kubonyeza aliwaza kwamba sasa mashine itamwona dada mkubwa amerudi, itamfukuza Vera mbele ya kaskazini nzima, na itakuwa kazi ya mikono yake. Lakini akikaa hayumo, Mama hatasimama, na wageni watavaa kofia zao. Akabonyeza.

Mashine haikulalamika. Kazi yake ilikuwa kumpekua anayeolewa, na Vera alishapekuliwa. Huyu mpya ilimpa tu nambari inayofuata, ya mwisho kuliko zote.

Mzee Odero akasogeza miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Nyumba ya marehemu Omolo. Wa kwanza, Vera. Wa pili, Loice." Akatulia, akahesabu kwa vidole, uso ukamkunjuka. "Basi mambo yako sawa! Mkubwa ndiye anayetangulia kuolewa." Akageukia viti vya mbele. "Mama Vera asimame."

Dokta Okidi aliandika kwamba itakugeuka. Hakuandika kwamba ikishakugeuka inaweza kukuokoa hapo hapo, na kwamba hutafurahi.

Mama alikuwa anamtazama Loice. Hakuwa amesoma hifadhidata, lakini aliwajua watoto wake, na alimwona huyu mmoja amesimama kando ya meza hana rangi usoni. Akaelewa. Jina la Mama Loice alipewa na Omolo, mlangoni mwa wodi ya hospitali ya Mulago, mtoto akiwa bado hajafumbua macho vizuri. Omolo alilipenda hilo jina kiasi kwamba hakumwita lingine mpaka siku anakufa. Loice aliijua hadithi hiyo. Walisimuliwa kila Krismasi. Akamwinamishia mama yake kichwa, kidogo sana, kumwomba.

Mama akainuka. Ilimchukua muda, kama anayeinuka na mzigo.

"Niko," akasema. "Mama Vera ni mimi."

Vigelegele vikapasuka. Olal akafungua kifungo cha koti na kukaa. Vera akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu, akicheka, na Obita akasahau kwamba askari halii.

"Sasa yule mdogo alete maji watu wanawe!" Mzee Odero akaagiza.

Loice akatazama kando kuona ni nani huyo mdogo, kisha akachukua birika. Alizunguka mstari mzima mpaka akafika kwa mama yake, akamwinamia na kumwagia maji.

"Utajirudisha lini mahali pako?" Mama akauliza chini kwa chini.

"Jumatatu nilitaka."

"Ukijirudisha, Vera atakuwaje?"

Loice akatazama maji. "Mzee anajaribu kila Jumapili. Akiona, ndoa ya Vera itakuwa imevunja sheria."

Mama akaendelea kuosha mikono, ingawa ilikuwa safi kitambo. Loice akaendelea kumwaga mpaka birika likaisha.

"Basi usiguse," Mama akasema, akajifutia kwenye gomesi.

Jioni, watu wakifungua mahema, Vera alimvuta Loice nyuma ya nyumba.

"Ulijifuta?"

"Kidogo tu."

"Mtu hufutwa kidogo?" Vera akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akashindwa kusema lililofuata, akamsonga kifuani mpaka poda ya uso ikamwachia alama kwenye blauzi.

Obita aliondoka katikati ya juma. Kabla ya kuondoka alimpeleka Vera kambini, wakaandika jina lake mahali pa mke, na askari yule yule wa getini akamwita shemeji. Kwenye chama, Mzee Odero alianza kumpisha Vera kiti cha mbele na kumtuma Loice chai, kwa heshima zote na bila ubaya wowote, kama anavyotumwa kitinda mimba. Loice alileta chai. Dokta Okidi alipokutana naye kwenye ngazi akamwuliza mfumo wake unaendeleaje, alimjibu, "Unafanya kazi vizuri sana, Dokta," na akapita haraka.

Asubuhi moja alipeleka kompyuta kibandani akamkuta Mama juu ya stuli, na ndoo ya maji ya sabuni pembeni, anasugua kibao. Vumbi la miaka lilikuwa linashuka mikononi mwake. Alikuwa ameshamaliza OMENA SAFI na KWA MAMA, sasa alikuwa kwenye LOICE, akizisugua herufi moja moja, nyekundu yake ikitokea chini ya uchafu kama iliyopakwa jana.

Mwanamke mmoja wa chama akapita na mtungi. "Mama Vera, umeamkaje?"

"Salama," Mama akamjibu bila kugeuka, na mkono haukuacha kusugua.

Mwanamke akaenda zake. Stuli ikayumba.

"Mama, shuka, utaanguka. Nitamalizia mimi."

"Jina hili ni langu," Mama akasema. "Wewe nishikie stuli."

Loice akaweka kompyuta chini, akaishika stuli kwa mikono miwili.